GPS, minara au Wi-Fi: simu yako inajuaje ulipo, na uitegemee njia ipi wapi

Mtu akiona nukta ya bluu kwenye ramani ya simu yake husema, "GPS inaonyesha niko hapa." Mara nyingi GPS ni sehemu tu ya jibu hilo, na akiwa ndani ya ghorofa pale Posta au Westlands huenda haikuhusika kabisa. Simu ina njia kadhaa za kujua ilipo, na kila njia ina mahali inapofanya kazi vizuri na mahali inapokupotosha. Tofauti hizo ndizo zinazoamua kama bodaboda atafika getini kwako au ataishia mtaa wa nyuma, na kama mvuvi ambaye haoni tena nchi kavu atajua upande wa kurudi.

Naandika hasa kwa ajili ya watu wa aina mbili: anayezima lokesheni siku zote kwa kuamini inamaliza bando, na anayeiamini nukta ya bluu hata inapomwonyesha ndani ya nyumba ya jirani. Kwa mwenye haraka, picha nzima ni hii:

| Njia | Usahihi wa kawaida | Inachohitaji | Inaposhindwa |
|---|---|---|---|
| Setilaiti (GPS na wenzake) | mita 3 hadi 10 mahali pa wazi | kuliona anga. Haihitaji laini wala bando | ndani ya majengo, kati ya maghorofa |
| Wi-Fi | mita 10 hadi 40 | ruta nyingi jirani, pamoja na intaneti | vijijini, porini, baharini |
| Minara ya simu | mita mia kadhaa mjini, kilomita kadhaa kijijini | mtandao wa simu na intaneti | minara inapokuwa michache |
| Anwani ya intaneti (IP) | jiji, au nchi tu | intaneti | karibu kila mahali |

Kabla ya kuendelea, jizoeze kuangalia kitu kimoja ambacho wengi hawakijali: lile duara la bluu hafifu linaloizunguka nukta. Duara hilo ndilo kauli ya kweli ya simu. Likiwa dogo, simu ina uhakika. Likimeza mtaa mzima, inakwambia kwamba uko humo ndani mahali fulani, na nukta imewekwa katikati kwa sababu lazima iwekwe pahali. Kwenye Android duara hilo hupigiwa hesabu kwa uwezekano wa asilimia 68, maana yake hata duara lenyewe halikuhakikishii: takriban mara moja katika tatu, utakuwa nje yake.

Setilaiti: sahihi kuliko zote, ila lazima simu ilione anga

Nianze na linalokosewa kuliko yote. Setilaiti haikuoni. Haijui kama upo, na simu yako haiipelekei chochote. Setilaiti za GPS, ambazo ni za Marekani na ziko 31 hivi, zinazunguka dunia kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200, na kila moja inatangaza bila kukoma mambo mawili: mahali ilipo na saa iliyo nayo. Simu inasikiliza tu, kama redio ya mkononi inavyosikiliza taarifa ya habari. Ndiyo sababu njia hii haihitaji laini wala bando, na kwenye simu nyingi za sasa inaendelea hata ukiweka hali ya ndegeni.

Mawimbi hayo yanasafiri kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo yanakufikia baada ya sekunde 0.07 hivi. Simu inaangalia yamechukua muda gani, kisha inajua setilaiti ile iko mbali kiasi gani. Kwa hesabu tupu, umbali wa setilaiti tatu ungetosha kukuweka kwenye ramani. Kinachoharibu ni saa. Setilaiti imebeba saa ya atomiki, na simu yako ina saa ya kawaida ambayo ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde tu, umbali unakosewa kwa mita 300. Setilaiti ya nne ndiyo inayoliumbua kosa hilo la saa na kulisahihisha. Simu ikishika chini ya nne, usiitarajie ikupe jibu la maana.

Hata zile saa za atomiki zinahitaji kurekebishwa. Kwa sababu ya mwendo wa setilaiti, na kwa kuwa mvutano wa dunia ni hafifu zaidi huko juu, saa zake zinatangulia zetu kwa mikrosekunde 38 kila siku, kama nadharia ya uhusianifu ya Einstein inavyotaka. Zikiachwa hivyo, kosa lingepita kilomita 10 kwa siku moja. Huwa nastaajabu sana kwamba hesabu zilizoandikwa zaidi ya karne moja iliyopita, bila mtu kuwaza simu, ndizo zinazomfikisha dereva wa bajaji Mbagala leo.

Je, usahihi wake ni kiasi gani? Serikali ya Marekani yenyewe inataja takriban mita 4.9 kwa simu iliyo chini ya anga wazi. Hali haikuwa hivi siku zote. Hadi Mei 2000 jeshi la Marekani lilikuwa likiipotosha kwa makusudi ishara ya raia, kiasi kwamba kosa liliweza kufika mita 100, mpaka Rais Bill Clinton alipoamuru jambo hilo likome. Na siku hizi GPS haiko peke yake: Urusi ina GLONASS, Ulaya ina Galileo, China ina BeiDou ambayo ilikamilika mwaka 2020. Simu ya kawaida inayouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue inasikiliza mifumo kadhaa kwa mpigo, ingawa muuzaji atakwambia "ina GPS" tu. Nasi huku hatuko kando ya kazi hii: kituo cha Malindi, pwani ya Kenya, ni miongoni mwa vituo ambavyo Shirika la Anga la Ulaya huvitumia kuzifuatilia setilaiti hizo ili mizunguko yake ijulikane barabara.

Sasa udhaifu wake. Ishara inayotufikia kutoka umbali ule ni dhaifu mno. Bati linaizuia, zege linaidhoofisha, na ghorofa refu linaifanya igonge ukuta na kurudi. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi, kwa sababu simu haijui kwamba wimbi limegonga ukuta kwanza. Inahesabu njia ndefu kana kwamba ni njia iliyonyooka. Tembea Kariakoo, katikati ya maghorofa yanayotazamana, huku umeishika simu na ramani imefunguka. Wewe uko ukingo wa kushoto unapita mbele ya maduka ya vitenge, lakini nukta inavuka barabara peke yake, inaingia ndani ya jengo la upande wa pili, inasimama kidogo, halafu inarukia mtaa wa nyuma. Simu si mbovu. Imesikia mwangwi. Fika kwenye makutano ya barabara pana, simama kidogo, utaiona inajirudi.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi tunaoishi karibu na ikweta. Juu ya vichwa vyetu kuna tabaka la hewa lenye chembe za umeme, na katika ukanda huu huchafuka baada ya jua kuzama kuliko sehemu nyingi za dunia, hasa miezi ya Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba. Ishara ya setilaiti ikipita humo hucheleweshwa na kuyumbishwa. Kwa mtu anayetafuta mgahawa haijalishi. Kwa mtu anayepima jambo kwa umakini, afadhali afanye kazi hiyo asubuhi.

Dawa ya sehemu ya matatizo haya mawili ni simu inayopokea masafa mawili ya setilaiti kwa pamoja, yanayoitwa L1 na L5. Xiaomi Mi 8 ya mwaka 2018 ndiyo iliyoanza, na upande wa iPhone ilikuja na 14 Pro mwaka 2022. Simu nyingi za bei ya chini bado zina L1 peke yake. Kama unanunua simu kwa ajili ya kazi ya bodaboda, usafirishaji wa mizigo au kazi za shambani, ningekushauri uangalie hilo kabla ya kuangalia idadi ya kamera. Ukiwa na Android, programu ya bure ya GPSTest itakuonyesha setilaiti zote ambazo simu inazishika, za nchi gani, na kwa masafa yapi.

Na lile suala la bando? Setilaiti hutuma taarifa zake kwa mwendo wa pole mno, biti 50 kwa sekunde. Kupokea maelezo ya mzunguko wa setilaiti moja kunachukua takriban nusu dakika, na orodha nzima ya setilaiti zote dakika 12 na nusu. Ili usisubiri hivyo, simu huchukua maelezo hayo kupitia intaneti, na ni kidogo sana, hayafiki hata ukubwa wa picha moja unayotumiwa WhatsApp. Kinachomaliza bando ni ramani yenyewe: picha za barabara, majina ya maduka, hali ya foleni. Pakua ramani ya mkoa wako ukiwa na Wi-Fi, na lokesheni haitakugharimu chochote njiani.

Minara: iko karibu kila mahali, lakini inajibu kwa ujumla mno

Simu ikiwa hewani, kila wakati inajua imeshika mnara upi. Kila mnara una namba zake, na kwa kawaida umegawanywa pande tatu, kila upande na antena zake. Simu inazipeleka namba hizo kwenye hifadhi ya kampuni ya ramani na kuuliza, "Huu uko wapi?" Google ilianza kutumia njia hii kwenye ramani zake za simu Novemba 2007, wakati simu nyingi hazikuwa na GPS hata kidogo.

Mnara pia unaweza kukadiria umbali, kwa kupima ishara inachukua muda gani kwenda na kurudi. Katika mtandao wa zamani wa 2G kipimo hicho kilikwenda kwa hatua za mita 550 hivi, hadi mwisho wa kilomita 35. Katika 4G hatua zimepungua hadi mita 78. Hiyo inasikika vizuri, lakini umbali bila uelekeo unakupa kipande cha pete, si nukta.

Kwa hiyo ukiwa Sinza, ambako minara imesongamana, utapata jibu la mita mia chache. Ukiwa kijiji ambacho mnara wake mmoja unahudumia vilima vitatu, jibu linaweza kukosea kwa kilomita 5 au zaidi. Na mipakani mambo huchanganyika. Waliopita Namanga wanaijua ile meseji ya kukukaribisha nchi jirani inayoingia kabla hujafika hata kwenye kizuizi: simu imeshika mnara wa upande wa pili kwa sababu ndio uliokuwa na nguvu zaidi. Ukitegemea minara peke yake hapo, ramani inaweza kukuvusha mpaka bila pasipoti.

Sifa ya njia hii ni kwamba haili chaji ya ziada, maana simu inaongea na mnara vyovyote vile, na inafanya kazi ndani ya nyumba. Kwa kukupa hali ya hewa ya mji wako inatosha kabisa. Kwa kumwelekeza mgeni nyumbani haifai.

Wi-Fi: inaokoa pale ambapo setilaiti hazisikiki

Hii ndiyo njia ambayo watu hawaifahamu, nayo ndiyo inayofanya kazi kubwa mijini. Kila ruta inatangaza namba yake ya utambulisho hewani muda wote, hata kwa simu ambayo haina nenosiri lake. Simu yako ikipita mtaani inazisikia: ya duka la dawa, ya saluni, ya ofisi ya ghorofa ya tatu. Haihitaji kujiunga nazo. Inapeleka orodha ya namba na nguvu ya kila moja kwenye hifadhi kubwa, na hifadhi inajibu kwamba ruta hizo kwa pamoja zinasikika hivi mahali fulani tu.

Hifadhi hizo zilianzia wapi? Kampuni ya Skyhook ya Boston, iliyoanzishwa mwaka 2003, ilikuwa ikiendesha magari mitaani kuorodhesha ruta. iPhone ya kwanza haikuwa na GPS, na mapema mwaka 2008 ilipoanza kuonyesha mahali ilitegemea ruta hizo pamoja na minara. Leo kazi hiyo tunaifanya sisi wenyewe bila kujua: simu yenye GPS nzuri ikipita mtaani kwenu inaripoti ruta ilizozisikia, na hifadhi inaongezeka. Ndiyo maana njia hii ni kali Kilimani au Masaki, ambako kila nyumba ina ruta, na ni butu kabisa kwenye kijiji ambako watu wanatumia bando za simu tu.

Udhaifu wake wa ajabu ni ruta inayohama. Mtu akihama Mwanza na ruta yake akaja kuiwasha Dar es Salaam, kwa muda fulani hifadhi inaweza kuamini kwamba Mwanza imemfuata. Kama nyumba yako ina ruta moja tu jirani na imehamishwa hivi karibuni, usishangae simu ikikuonyesha mkoa mwingine kabisa. Ruta za kwenye mabasi ya mikoani zina shida ileile. Mwenye ruta ambaye hataki iingizwe kwenye hifadhi ya Google anaweza kuongeza herufi _nomap mwishoni mwa jina la mtandao wake. Utaratibu huo upo tangu mwaka 2011.

Jambo la kujua kuhusu mipangilio: Android nyingi huendelea kuzisikiliza ruta kwa ajili ya mahali (yaani lokesheni) hata ukiwa umezima Wi-Fi. Kuna swichi yake ya pembeni ndani ya mipangilio ya mahali. Kama hupendi, izime hapo, ukijua kwamba ndani ya majengo utapotea zaidi.

Anwani ya intaneti, na vihisi

Anwani ya intaneti ndiyo inayotumiwa na tovuti ambayo hujaipa ruhusa ya lokesheni. Usiitegemee. Kwenye intaneti ya simu huku kwetu, mtu aliye Songea anaweza kuonekana yuko Dar es Salaam kwa sababu mitambo ya kampuni iko huko.

Vihisi ni msaada wa mengine yote: kipima mwendo, dira, na kwenye baadhi ya simu kipimio cha mgandamizo wa hewa. Ndivyo vinavyoiendesha nukta gari linapopita chini ya daraja na setilaiti zikapotea kwa sekunde kadhaa. Dira ikichanganyikiwa, mshale wa ramani unaangalia kinyume. Zungusha simu hewani kwa umbo la namba 8 itatulia. Anayepanda Kilimanjaro atafurahia kipimio cha hewa, maana kimo ndicho kitu ambacho setilaiti hukikosea zaidi kuliko mahali. Baadhi ya programu huonyesha kimo kibichi cha setilaiti, ambacho kwenye pwani yetu ni zaidi ya mita 20 chini ya usawa wa bahari. Umesimama ufukweni, na simu inasema umezama. Hesabu yake inatumia umbo laini la dunia ambalo halilingani na bahari halisi ya hapa.

Basi utumie ipi kwa kazi ipi

*Kumtumia mtu lokesheni.* Hapa unataka njia zote zifanye kazi pamoja: washa mahali, washa Wi-Fi hata kama hujaunganishwa, na kwenye Android acha mpangilio wa usahihi wa mahali ukiwa umewashwa. Kisha fanya kitu ambacho karibu hakuna anayefanya. WhatsApp, chini ya kitufe cha kutuma mahali ulipo, huandika usahihi kwa mita. Subiri namba hiyo ishuke. Ikiwa ni 60, sogea dirishani au toka nje kidogo, itashuka hadi 10 au 5, ndipo utume. Ukituma haraka haraka kutoka sebuleni, mazungumzo yanayofuata unayajua:

"Dada, nimeshafika, mbona sikuoni?"

"Niko getini hapa, geti jeusi."

"Huku kuna msikiti, dada. Geti jeusi silioni."

Na kama unasogea, tuma lokesheni ya moja kwa moja, ile ya dakika 15, saa 1 au saa 8. Ile ya kawaida inabaki pale ulipoitumia hata ukiondoka. Kwa Tanzania, tangu kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina namba na mtaa una jina, na programu ya NaPA inaunganisha namba hiyo na mahali pake kwenye ramani. Namba ya nyumba pamoja na lokesheni ni bora kuliko kimojawapo peke yake.

Kama mwenzako hana bando, bonyeza mahali ulipo kwenye ramani bila kuachia, utaona namba mbili, moja ya kusini na moja ya mashariki. Mtumie kwa meseji ya kawaida. Tarakimu tano baada ya nukta zinatosha kwa usahihi wa mita 1 hivi. Tatu zinampa mita 110 za kuzungukazunguka. Na usiiache alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza. Ukiisahau, Dar es Salaam inahamia Ethiopia.

*Porini na baharini.* Setilaiti peke yake, na ramani iliyopakuliwa kabla. Wi-Fi na minara havina kazi huko. Mvuvi wa Mafia au Lamu anayetoka nje ya upeo wa minara bado anaonekana kwenye ramani yake vizuri kuliko mtu aliye ofisini mjini, kwa kuwa anga lake ni wazi kutoka upeo hadi upeo. Fungua ramani ukiwa bado una mtandao ili simu ichukue maelezo mapya ya setilaiti, weka alama kwenye bandari uliyotokea, kisha weka hali ya ndegeni. Simu inayohangaika kutafuta mnara usiokuwepo humaliza chaji haraka sana, na chaji ndiyo roho yako kule. Lakini kumbuka kujua ulipo si sawa na kuweza kumwambia mtu. Bila mtandao, setilaiti za GPS haziwezi kupeleka ujumbe wako popote.

*Kupima shamba au kiwanja.* Kwa hili nitasema bila kuzunguka, kwa sababu nimeona familia zikigombana juu ya vipimo vya simu. Shamba la ekari 10 lina upande wa mita 200 hivi. Simu ikikosea mpaka mmoja kwa mita 5, umekosea asilimia 2 na nusu ya eneo. Kwa kukadiria mbegu na mbolea, hiyo inatosha. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni jambo jingine. Kosa lilelile la mita 5 kwenye upande mmoja ni mita za mraba 100, robo nzima ya kiwanja. Mpima ardhi anatumia kipokezi kinachosahihishwa na kingine kilichosimamishwa mahali panapojulikana, na anafika kwenye sentimita. Usikubali mtu akuhamishie bikoni kwa kukuonyesha simu, na wala wewe usimhamishie jirani yako.

*Simu iliyoibiwa.* Watu huamini kwamba IMEI, namba ya utambulisho ya simu yenyewe, ikipelekwa polisi, setilaiti itaionyesha simu. Setilaiti hazihusiki hata kidogo. IMEI inaiwezesha kampuni ya simu kuona kifaa hicho kimeshika mnara upi, na mnara unatoa eneo, si nyumba. Wakikwambia ipo Manzese, inaweza kuwa Magomeni. Kinachoweza kutoa nyumba ni huduma ya kutafuta simu ya Google au Apple, kwa kuwa hiyo inaiuliza simu yenyewe, nayo hujibu kwa setilaiti na Wi-Fi. Lazima uwe umeiwasha kabla ya kuibiwa. Kwa hiyo iwashe leo, na uliandike pembeni nenosiri la akaunti yako mahali pasipo simu. Hata hapo liangalie lile duara la bluu kabla ya kugonga mlango wa mtu. Duara likifunika nyumba sita, kuna nyumba tano zisizo na hatia, na huku kwetu neno "mwizi" likishapigiwa kelele mtaani halirudi nyuma. Nenda na polisi.

*Programu nyingine zote.* Programu ya habari, ya hali ya hewa, ya mchezo, haina haja ya kujua mlango wako. Tangu Android 12 ya mwaka 2021 na iOS 14 ya mwaka uliotangulia, unaweza kuipa programu mahali pa takriban tu. Kwenye Android hiyo ni kama eneo la kilomita 3 za mraba. Ingia kwenye mipangilio, fungua orodha ya programu zenye ruhusa ya mahali, na upitie moja moja. Ramani na usafiri zipe mahali kamili wakati unazitumia tu. Zilizobaki zipe takriban, na ile usiyokumbuka uliipakua lini, usiipe chochote.